Salamu ya Aliyepanda

Mwaka ule mafuriko ya El Nino yalipopungua na kuturudishia nchi yetu, Garsen haikuwa na pikipiki za kumtisha mtu. Ilikuwepo ya mdogo wangu Adano, aliyopewa na ofisi ya mifugo azungukie ng'ombe wagonjwa. Ilikuwepo ya Mwalimu Komora, ya Abdinasir aliyeleta miraa kutoka Minjila, na nyingine mbili tatu za watu wa miradi. Basi. Lakini nakuapia, watu walianguka hapa kuliko Mombasa. Tena walianguka mahali pamoja, mchana kweupe, barabara imenyooka, mbele ya duka la Abdullahi, na mimi nipo ng'ambo ya pili nauza maziwa, nawaona mmoja baada ya mwingine.

Naitwa Sabdio. Ni mjane, nina hasira za karibu, na wanaonijua hawaombi kupunguziwa bei mara mbili. Mama yetu alifariki Adano akiwa bado ananyonya, nikamlea mimi kwa maziwa ya ng'ombe wa jirani. Kwa hiyo kila alipoanguka pale, niliumia mimi kwanza, kisha ndiyo yeye.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Abdullahi alisema ni mchanga. Kweli, maji ya mafuriko yalikuwa yameacha mchanga mwingi katikati ya barabara mbele ya duka lake, na kila ukizolewa upepo unauleta tena. Lakini mchanga ulikuwa kila mahali kuanzia Minjila, na huko kwingine watu walipita salama. Wengine wakasema pale pana jini. Wakachanga, wakanunua mbuzi, akachinjwa, dua ikasomwa, nyama ikaliwa. Siku iliyofuata Mwalimu Komora akaanguka akavunjika mguu. Aliyesema habari ya jini akajibu kwamba mbuzi alikuwa mdogo.

Wakati huo ndipo tulipoletewa Koplo Kavumbi wa trafiki. Alikuwa mtu wa mbali, mrefu, mwembamba, shati lake limenyooshwa kwa pasi hata siku ya matope. Na alikuwa na tabia ambayo ilitushangaza sana kwa askari wa barabarani: hakula kitu cha mtu. Abdinasir alimjaribu na akarudi na noti yake mfukoni pamoja na karatasi ya kwenda kortini. Mimi siwapendi askari, sijawahi kuwapenda, lakini siku ile nilimpelekea kikombe cha maziwa. Alikilipia.

Koplo alianza na helmeti. Wenye pikipiki wetu wote walikuwa nazo, ila walizivaa kwenye kiwiko cha mkono kama wanawake wavaavyo bangili.

"Hiki kiwiko ndicho chenye akili?" alimwuliza Adano siku ya kwanza, palepale mbele yangu.

"Hapana, afande."

"Sasa mbona ndicho umekivalisha?"

Adano akamweleza. Helmeti yake ilikuwa na kioo cheusi kilichofunika uso wote. Huko malishoni, siku zile za majambazi, mtu anayekuja amefunika uso ni wa kukimbiwa, na kama mwenye ng'ombe ana bunduki, ni wa kupigwa. Koplo alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo nililipenda. Kisha akaomba bisibisi kwa Abdullahi, akakifungua kile kioo akakitoa, akamrudishia helmeti.

"Uso unaonekana?"

"Unaonekana, afande."

"Basi vaa. Nikiikuta tena kwenye kiwiko, pikipiki inalala kituoni."

Baada ya helmeti akaja na mafunzo. Alikwenda shuleni, alikwenda msikitini baada ya sala ya Ijumaa akiwa amevua viatu na kofia, na alisimama katika baraza la chifu akiwa na matikiti maji. Moja alilifunga ndani ya helmeti, jingine akaliacha wazi. Akapanda juu ya meza, akayaangusha yote mawili. La wazi likapasuka vipande, jekundu likatapakaa mpaka kwenye viatu vya chifu. La helmeti akalitoa likiwa zima, akalipitisha watu walishike. Tangu siku hiyo barazani hapakukosa watu, ingawa wengine, nasema kweli, walifuata matikiti.

"Ajali haina kinga," akasema Mzee Huka kutoka mstari wa mbele. "Hayo si maneno yangu, ni ya wazee."

"Ina kinga, mzee. Ndiyo hii," Koplo akajibu, akiigonga helmeti kwa kidole.

Watu wakacheka. Mzee Huka hakucheka, na hapo sina budi kukueleza habari zake, maana mambo yote yalikuwa mikononi mwake. Huka alikuwa mwenye ng'ombe, mtu wa maneno machache, na kila asubuhi alikaa na wazee wenzake kwenye kibaraza cha duka la Abdullahi. Binti yake Mumina ndiye aliyetakwa na Adano, naye Mumina alimtaka Adano, na mimi nilimtaka Mumina awe wifi yangu kuliko walivyotakana wao wawili. Nilikuwa nimekwisha kupeleka wazee mara moja. Huka alijibu kwamba hana neno baya, kijana ana kazi na hatoki kwa watu wabaya, lakini atamtazama kwanza adabu zake. Akasema atamtazama kutoka pale kibarazani.

Basi Adano akawa kila anapopita mbele ya kibaraza kile anapita kama mtu aliye mbele ya kadhi. Na hapo hapo ndipo alipoanguka tena. Safari hiyo alivunjika mfupa wa bega. Alikaa kwangu akiwa amefungwa mkono shingoni, nikimlisha, huku ng'ombe wa watu wakingoja sindano.

Koplo alikuja nyumbani kumwona. Alikaa juu ya dumu, akakataa maziwa, kisha akayanywa.

"Adano, wewe huendi mbio. Helmeti unavaa. Hunywi. Unaangukaje?"

"Sijui, afande. Nafika pale tu, naanguka."

"Hilo siwezi kuliandika. Nasikitika kukuambia mbele ya dada yako: ukianguka tena, nitawaambia ofisi ya mifugo kwamba huwezi kuendesha, wachukue pikipiki yao. Heri ukose kazi kuliko nikuzike."

Nilitaka kumfukuza. Pikipiki ikienda, kazi imekwenda. Na kazi ikienda, nani angetuma wazee tena kwa Huka? Lakini alikuwa amesema kweli. Nikamwongezea maziwa.

Miezi ikapita. Bega la Adano likaunga, akarudi kazini. Koplo naye akazoea kwetu. Alijifunza kuuliza habari kama tunavyouliza sisi, amani ya watu, amani ya ng'ombe, amani ya mvua, hata akasema "nagaa", yaani amani, vizuri kiasi cha kuwafurahisha wazee. Kituo chao kikapewa pikipiki, na yeye ndiye aliyeiendesha, polepole, mgongo wima, helmeti kichwani, mikono yote miwili kwenye usukani kama alivyotufundisha.

Asubuhi moja alikuja kutoka upande wa Minjila. Alipokaribia duka la Abdullahi, Mzee Jilo, aliye mkubwa wa wazee wale kwa umri, akamwita: "Koplo! Nagaa?" Koplo akageuza uso, akatabasamu, akauinua mkono wa kulia juu kabisa, kwa heshima zote. Pikipiki ikayumba, gurudumu la mbele likajichimbia mchangani, na serikali ya Kenya ikalala chali barabarani.

Nilikimbia na maji. Nilimkuta amekaa kwenye mchanga, shati limechafuka, anautazama mkono wake wa kulia. Kisha akaanza kucheka. Nikadhani kichwa kimeguswa.

"Mama Sabdio," akaniambia, "hakuna jini hapa. Ni salamu."

Akaniita karibu na pikipiki akanionyesha. Mkono wa kulia ndio unaovuta mafuta, na ndio ulioshika breki ya mbele. Wa kushoto kazi yake si kubwa hivyo. Mtu akiuachia wa kulia ghafla, mafuta yanajifunga, mwendo unakatika, na kama yuko kwenye mchanga na usukani ameushika kwa mkono mmoja, amekwisha. Penye mchanga mwingine wote hapakuwa na watu wa kusalimia. Hapa palikuwa na kibaraza cha wazee. Na nani kati yetu amsalimie mzee kwa mkono wa kushoto?

Waswahili wana msemo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kumbe kwetu waliovunjika ni wale waliosikia, waliofunzwa vizuri na mama zao. Abdinasir wa miraa, asiyemjali mzee wala mtoto, hakuwahi kuanguka hata siku moja, na sisi tulikuwa hatujajiuliza kwa nini.

Koplo akaitisha baraza. Safari hii hakuleta matikiti. Aliwaeleza watu yote kama alivyonieleza mimi, taratibu, pikipiki ikiwa imesimamishwa katikati, akawaita waje waushike ule mkono wa usukani. Watu wakaelewa, niliona nyusoni mwao. Lakini akaharibu mwishoni.

"Kwa hiyo naomba," akasema, "mwenye pikipiki asalimie kwa mkono wa kushoto."

Loo! Wazee waliinuka kama waliomwagiwa maji ya moto.

"Wewe askari," Mzee Huka akasema kwa Kiswahili chake, "mkono ya kushoto iko na kazi yake. Kazi yake iko chooni. Hiyo ndiyo unataka kijana inyanyue kwa uso yangu?"

"Basi mzee, apige honi."

"Honi ya mbuzi. Mimi iko mbuzi?"

"Atikise kichwa."

"Kama mjusi?"

Sheikh Tahir wa msikiti alijaribu kuwapatanisha. Alisema salamu katika dini ni ya ulimi, mkono ni mila tu. Alisema kweli aliyepanda ndiye humwanza anayetembea, na anayetembea humwanza aliyekaa, lakini hapakuandikwa kwamba avunjike mguu. Wazee wakamjibu kwamba injini inapiga kelele, ulimi hausikiki, na mtu anayepita bila mkono ni sawa na aliyepita kimya. Mabishano yakawa marefu mpaka Koplo naye, mtu mpole yule, akaishiwa na subira.

"Haya. Mimi ni sheria. Nikimwona mtu ameondoa mkono kwenye usukani mahali pale, pikipiki nitaichukua."

"Na mimi," akasema Huka, na sasa alisema kwa Kiorma, lugha yetu, akitazama alipokaa Adano, "sina binti wa kumpa mtu anayenipita kama kisiki."

Baraza likavunjika. Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vya mkono wa kulia amevikunja ndani ya kiganja.

Tangu hapo Adano akawa na mtindo mmoja tu wa kupita mbele ya duka la Abdullahi. Alizima injini mbali, akashuka, akavua helmeti, akaisukuma pikipiki mchangani huku jasho linamtoka. Akifika kwenye kibaraza anaiegemeza kiunoni, anainua mkono wa kulia, anauliza habari zote mpaka za mvua, kisha anasukuma tena mpaka ng'ambo, anavaa, anapiga kiki. Vijana wakamcheka, wakasema Adano amenunua punda wa chuma anayevutwa na mwenyewe. Koplo hakuwa na la kumkamatia. Huka hakuwa na la kumlaumia. Lakini dawa za ng'ombe alizobeba zilikuwa kwenye barafu, na barafu haingoji habari za mvua. Siku mbili alifika malishoni chanjo zimeharibika, akarudi mikono mitupu. Na usiniulize jua la kwetu la saa sita lilimfanya nini mtu mwenye bega lililounga vibaya.

Nikamwendea Koplo. "Huwezi kufumba macho kwa huyu mmoja?"

"Mama, nikifumba kwa mmoja, mwalimu naye atataka. Halafu mguu mwingine utakaovunjika ni wa nani?"

Nikaona nimwendee Huka mwenyewe. Si jambo la mwanamke kwetu kumkalisha mzee amjibu, lakini nilimngoja njiani alipokuwa akirudi nyumbani, nikainama, nikampa maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa vizuri, kisha nikasema.

"Abba, kijana wangu atakufa kwa ajili ya salamu."

Alikunywa, akafuta mdomo. Nilidhani atanikemea.

"Sabdio, unajua ndugu yangu aliuawa?"

"Najua, Abba."

"Upande wa Bangale. Tulikuwa wawili kisimani. Watu walikuja, wakatupita. Hawakuinua mkono. Nikamwambia ndugu yangu, hawa wameacha kusalimu siku hizi, vijana wa sasa. Tukacheka. Wakageuka nyuma yetu." Akanirudishia kibuyu. "Mkono wa kulia ukiinuliwa mtupu, mimi naona hauna kitu. Nalala usingizi. Koplo anasema ni adabu tu. Si adabu. Nataka kuuona mkono."

Nilikuwa nimekwenda na hasira zangu zote, zimepangwa vizuri, nikarudi nazo bila kuzitoa. Nililia njiani, kwa sababu niliona wote wawili wana haki, Koplo na Huka, na kati yao yupo mtu wangu mmoja.

Mambo yakakaa hivyo mpaka asubuhi moja ya kiangazi. Nilikuwa mahali pangu sokoni, wazee wapo kibarazani isipokuwa Huka, Koplo anakunywa chai yake amesimama. Mara nikamwona Huka anakuja kutoka upande wa nyumbani, karibu anakimbia, kilemba kimelegea. Sikuwahi kumwona mzee yule akifanya haraka.

"Yuko wapi kijana?" akaniuliza mimi, bila hata salamu.

Mtu alikuwa ametumwa kutoka kambi ya malisho na habari kwamba ng'ombe wake wa kijivu, mama wa karibu zizi lake zima lililobaki baada ya mafuriko, amelala tangu alfajiri na ndama hatoki. Nitasema mapema ili roho yako itulie: ng'ombe yule alipona. Lakini asubuhi ile hakuna aliyejua hilo, na Huka macho yake yalikuwa mekundu. Nilimwonyesha ofisi ya mifugo, nyuma ya soko. Akaenda.

Kidogo nikasikia pikipiki. Adano alitokea upande wa chini wa barabara, na nyuma yake, ameketi wima, kikoi amekikusanya magotini, yupo Mzee Huka. Kichwani alivaa helmeti ya akiba ya ofisini, bado ina kioo chake cheusi, kilemba kimefungwa kiunoni. Kambi ilikuwa imehama, yule aliyeleta habari hakuweza kusimama tena kwa uchovu, na Huka tu ndiye aliyebaki wa kuonyesha njia, kwa hiyo ilimbidi apande. Hajawahi kupanda kitu kile maishani mwake. Mikono yote miwili alimshika Adano mbavuni kama mtoto.

Njia ya kambi ilipita mbele ya duka la Abdullahi.

Adano akapunguza mwendo mbali, kama kawaida yake, ashuke asukume. Nikamwona Huka anampiga begani.

"Usizime! Twende!" Sauti yake nilisikia kutoka nilipo. "Twende, ng'ombe anakufa!"

Injini ikanguruma tena. Kwenye kibaraza, Mzee Jilo akasikia pikipiki inakuja bila kuzimwa. Akashika fimbo yake, akainuka taratibu, akasimama ukingoni kabisa, amwone vizuri huyo kijana atakayewapita. Koplo akaweka kikombe chini, akashika filimbi.

Nilisimama. Maziwa yalimwagika miguuni pangu, sikuyatazama. Nilijua kilichokuwa kikipita kichwani mwa mdogo wangu, maana nilimlea mimi. Mbele yake wamekaa wazee. Nyuma yake, mgongoni kabisa, pumzi yake inamgusa shingo, yupo mtu aliyeapa hatatoa binti kwa anayepita bila mkono. Siku zote alitazamwa kutoka kibarazani, na leo anatazamwa kutoka nyuma ya shingo yake. Angepitaje bila kuinua? Akienda kwa shida ya baba mkwe, akiwa naye mgongoni, awapite wazee wenzake kama kisiki?

Walipoingia mchangani, nikaona vidole vya Adano vinaachia usukani. Mkono wa kulia ukaanza kupanda.

Pikipiki ikayumba. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini.

Na hapo Mzee Huka, ambaye hakuwahi kujua chuma kile kinaendaje, alihisi chini yake kile ambacho Koplo alikuwa ameshindwa kumweleza kwa maneno. Mkono wake wa kulia ulitoka mbavuni mwa Adano, ukaenda mbele, ukaukamata ule mkono hewani na kuurudisha kwa nguvu kwenye usukani. Haukutoka hapo. Aliubana juu ya ule wa kijana, akajilaza mgongoni mwake, kifua juu ya mgongo.

"Shika!" alikuwa akipiga kelele. "Shika, mwanangu! Usiuachie! Shika!"

Gurudumu likatapatapa, likanyooka. Wakapita mbele ya kibaraza, mbele ya Mzee Jilo aliyesimama, mikono yote minne ikiwa imeshika, hakuna hata mmoja ulioinuliwa, hakuna aliyegeuza uso. Vumbi likafuata nyuma yao mpaka kwenye kona ya njia ya ng'ombe, kisha sauti ikapotea.

Filimbi ya Koplo ilikuwa bado mdomoni. Aliitoa, akaifuta, akairudisha mfukoni.

Mzee Jilo alibaki amesimama na fimbo yake, uso umekunjamana kwa hasira. Alikuwa hajamtambua aliyekaa nyuma, kwa sababu ya helmeti.

"Kijana ninamjua," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Lakini yule mtu mzima wa nyuma, anayemzuia mwenzake asitusalimie, ni nani? Katoka kwa watu gani?"

Wazee wakatazamana. Mimi nilivuka barabara, miguu imelowa maziwa, nikasimama mbele ya kibaraza, mahali ambapo sikuwahi kusema neno tangu nizaliwe.

"Ni Huka, Abba," nikasema. "Ni Huka na mkwe wake."